Mkono wa Pili

Mwaka 1968 nchi kadhaa zilikubaliana huko Vienna kuhusu sheria za barabarani. Mkataba wenyewe ni mrefu na unachosha, lakini kifungu cha 27, kinachowahusu waendesha baiskeli, kina jambo la kuchekesha. Kinasema kwamba ni marufuku kuendesha baiskeli bila kushika usukani kwa angalau mkono mmoja.

Soma tena hapo. Angalau mmoja. Yaani watu wazima wenye suti walikaa chini wakajadili malori, reli na taa za usiku, halafu walipofika kwa baiskeli wakasema sawa, mkono mmoja unatosha.

Sasa swali: ule mwingine unafanya nini?

Wengi wetu tunajua mkono mmoja kama mashauo. Ni ile hatua unafika ukiwa mtoto, baada ya kuacha kuanguka na kabla ya kujaribu kuachilia mikono yote miwili mbele ya wasichana wa ploti jirani. Mashauo yapo, tusidanganyane. Lakini ukifuata historia ya huo mkono ulioachia usukani, utakuta mara nyingi uliachia kwa sababu ulikuwa na kazi. Na mara nyingi kazi yenyewe ilikuwa ya mtu mwingine.

Tuanze mwanzo, maana kuna wakati mkono mmoja haukuwezekana kabisa.

Mwezi wa Juni 1817, Mjerumani aliyeitwa Karl von Drais alitoka Mannheim akiwa amekalia kitu cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedali wala cheni. Ulisukuma ardhi kwa miguu, kama mtoto anayejifunza leo na kabaiskeli kasiko na pedali. Mbele ya kifua kulikuwa na ubao wa kuegemeza mikono, na mikono yote miwili ilikuwa na shughuli: kuegemea, kuongoza, kuzuia mwili usimwagike. Ukitoa mmoja, umekwisha.

Miaka ya 1860 pedali zikaja, lakini zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, lile lile linalopiga kona. Kisha likaja lile baiskeli la gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ambalo bila shaka umeliona kwa picha za zamani likiwa limebeba mzungu mwenye masharubu. Pale kila ukikanyaga pedali ya kulia, gurudumu linataka kugeuka. Ukikanyaga ya kushoto, linataka kugeuka upande mwingine. Kwa hivyo mikono ilikuwa inapigana na miguu muda wote. Ulivuta usukani kwa nguvu zote ili miguu isikupeleke kwa mtaro. Mkono mmoja pale ulikuwa mchezo wa sarakasi.

Mambo yalibadilika mwaka 1885, mjini Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alipotoa baiskeli iliyoitwa Rover. Magurudumu yake yalikaribia kulingana ukubwa, na cheni ilipeleka nguvu za miguu kwa gurudumu la nyuma. Tunaiona ya kawaida leo kwa sababu karibu kila baiskeli unayoijua ni mjukuu wake. Lakini fikiria kile cheni ilifanya. Ilitenganisha kazi mbili: miguu ikapewa gurudumu la nyuma, mikono ikabaki na la mbele. Vita vikaisha. Miaka mitatu baadaye, John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la upepo kule Belfast, na usukani ukaacha kutetemeka kama mashine ya kusaga.

Kwa mara ya kwanza, usukani ulitulia vya kutosha hivi kwamba mkono mmoja ungeweza kuutunza peke yake. Na pale mkono unapopata nafasi, huwa hakukosekani mtu wa kuupa kazi.

*

Kabla hatujafika huko, wacha tuone mkono mmoja unafanya nini hasa. Hapa ndipo watu hujifunza vibaya.

Wale ndugu Wright, Wilbur na Orville, walikuwa na duka la baiskeli Dayton, Ohio, kabla ya kurusha ndege mwaka 1903. Wilbur alikuwa na tabia ya kuwauliza waendesha baiskeli swali moja: ukitaka kwenda kushoto, unafanyaje? Karibu wote walijibu kwamba wanageuza usukani kushoto. Kumbe sivyo. Ili baiskeli iende kushoto, kwanza gurudumu la mbele linaelekea kulia kidogo, kwa nukta tu. Hapo baiskeli inalalia kushoto, na ndipo unaifuata kwa kona. Watu wanafanya hivyo kila siku bila kujua kwamba wanafanya.

Ukiwa na mikono miwili, huu uongo mdogo wa mwili unajificha. Mkono mmoja unasukuma, mwingine unavuta, na hakuna anayeuliza. Ukibaki na wa kulia peke yake, unaugundua: kuvuta mshikio wa kulia kunakulaza kushoto, kuusukuma kunakulaza kulia. Mkono mmoja unalazimika kujua lugha zote mbili.

Tatizo la pili ni uzito. Anayeanza huegemea ule mkono mmoja kana kwamba ni mkongojo. Ukiegemea mshikio wa kulia unaenda mbele, gurudumu linageuka kushoto, wewe unashtuka, unaegemea zaidi. Sasa unajua kwa nini watoto wengi huanguka upande ule ule wakijaribu. Dawa ni kukaa wima, kuacha uzito uende kwa kiti na pedali, na kushika usukani kama unavyoshika yai la kienyeji. Ukiwa na mwendo kiasi, baiskeli inajisaidia. Mwaka 2011 watafiti wa Delft na Cornell walionyesha kwamba baiskeli inaweza kujisimamisha yenyewe ikiwa mwendoni bila mtu juu, hata wakiiondolea sifa mbili ambazo wataalamu walidhani ndizo zinazoisimamisha. Inapoanza kuanguka, inajigeuza kufuata upande inakoangukia na kujiokoa. Kiganja kilichokaza kama ngumi kinaizuia tu kufanya kazi yake.

Tatizo la tatu ni breki, na hili ndilo linalovunja watu. Ukishika breki, mwili unataka kuendelea mbele. Ukiwa na mikono miwili, unajizuia pande zote mbili. Ukiwa na mmoja, mwili wote unaegemea upande mmoja wa usukani, na usukani unageuka wakati mbaya kabisa. Ikiwa mkono huo uko kwa breki ya mbele na umeibana ghafla, utajikuta unasalimia lami.

Ndiyo maana breki hazikuwekwa ovyo. Kwa desturi ya Kiingereza ambayo sisi tulirithi, breki ya mbele iko kulia, ya nyuma kushoto. Tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hivyo kona ya hatari ni ya kwenda kulia, ile ya kukata njia ya magari yanayokuja. Ili uonyeshe kwamba unaenda kulia, unanyoosha mkono wa kulia. Unaobaki kwa usukani ni wa kushoto, na umeshika breki ya nyuma, ile isiyo na hasira sana. Kwa Wamarekani, ambao huendesha kulia, kila kitu kimegeuzwa. Pengine hilo ndilo jibu la kwanza la swali letu: mkono wa pili ni wa kuzungumza na wengine barabarani. Sheria inakuruhusu mkono mmoja kwa sababu inauhitaji ule mwingine uwaambie watu unakoenda.

Kisha kuna waliotoa breki mikononi kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1890 kule Marekani walianza kuuza breki iliyo ndani ya gurudumu la nyuma: ukirudisha pedali nyuma, baiskeli inasimama. Mwaka 1903 kampuni ya Wajerumani, Fichtel & Sachs, ikatoa yake iliyoitwa Torpedo. Hadi leo Uholanzi kuna baiskeli nyingi za aina hiyo, na ndiyo maana utaona Mholanzi kwenye mvua ana mwavuli mkono mmoja, au anaendesha baiskeli moja huku akiivuta nyingine kando. Si kwamba Waholanzi wamezaliwa na kipaji. Breki zao ziko miguuni.

*

Sasa turudi kwa kazi.

Cairo kuna picha ambayo kila mtalii huipiga. Jamaa anapita katikati ya magari akiwa juu ya baiskeli, na kichwani ana chaga refu la mbao lililojaa mikate ya aish baladi, ile ya duara inayoliwa na kila mtu. Mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umeinuka kushikilia chaga. Honi zinalia, basi linapita karibu, mikate haitikisiki. Mtalii anaona sarakasi. Mwenye mkate anaona asubuhi ya kawaida, na anajua mkate ukianguka ni yeye atakayeulizwa.

Tokyo nako kulikuwa na vijana wa soba, tambi za Kijapani ambazo mikahawa iliwapelekea watu nyumbani na maofisini. Kijana alibebesha bega sinia, juu yake bakuli na visanduku vya chakula vikipangwa kama ghorofa, mkono mmoja ukizuia ghorofa lisianguke, mwingine kwa usukani. Picha zao za miaka iliyopita bado zipo, na ukizitazama unasikia mgongo ukikuuma.

Hapa ndipo historia inapiga kona ambayo mimi sikuitarajia. Mwaka 1946, baada ya vita, Soichiro Honda alikuwa akifunga injini ndogo za jenereta zilizoachwa na jeshi kwenye baiskeli za kawaida. Biashara ikakua. Yeye na mwenzake Takeo Fujisawa, aliyeshika upande wa pesa na mauzo, walitaka pikipiki ambayo mtu yeyote angeinunua. Na moja ya masharti, kama kampuni yenyewe inavyosimulia, ilikuwa hili: yule kijana wa soba aweze kuiendesha kwa mkono mmoja.

Pikipiki za wakati huo zilikuwa na klachi kwa mkono wa kushoto. Bila huo mkono hubadilishi gia. Kwa hivyo wahandisi wakaondoa ule mshikio wa klachi, wakatengeneza klachi inayojifunga yenyewe kulingana na mwendo wa injini. Gia zikaenda mguuni. Breki ya nyuma mguuni. Mafuta na breki ya mbele mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ukabaki huru kabisa, kwa ajili ya sinia. Pikipiki hiyo ni Honda Super Cub, iliyotoka 1958. Kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, na hakuna chombo kingine cha injini kilichowahi kutengenezwa kwa wingi huo.

Tafakari hapo kidogo. Chombo kilichouzwa kuliko vyote katika historia ya injini kiliumbwa kikiufuata mwili wa kijana wa kubeba tambi. Hawakumwambia ajifunze zaidi. Hawakumwambia achunge. Walihamisha klachi.

*

Kwetu hawakuihamisha.

Boda boda ilianza kwa baiskeli, huko mpakani kati ya Kenya na Uganda, upande wa Busia, miaka ya 1960. Kati ya kituo cha nchi moja na cha nyingine kulikuwa na kipande cha njia ambacho magari hayakuvuka kirahisi bila karatasi. Wenye baiskeli wakaweka mto kwenye karia na kuita abiria: border, border. Neno likabaki hata baiskeli zilipofika Kisumu, Kakamega na kwingineko.

Baiskeli zenyewe zilikuwa Black Mamba, zile nyeusi nzito zenye breki za vyuma badala ya kebo. Mtu wa Black Mamba alijua mkono mmoja kama anavyojua jina lake. Mkono ulirudi nyuma kushika gunia linaloteleza, kutuliza kuku aliyening'inizwa, kumzuia mtoto wa abiria. Hakuna aliyeita hiyo kipaji. Iliitwa kubeba mzigo.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na nduthi zikajaa. Lakini nyingi ya zilizojaa si ndugu wa Super Cub. Ni pikipiki za klachi ya mkono, ambapo mkono wa kushoto una kazi kila unapobadilisha gia. Zimeundwa kwa mtu mwenye mikono miwili iliyo huru. Kisha tukampa huyo mtu simu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikisambaza chakula Nairobi kwa baiskeli, nikifanyia kampuni moja ya programu za simu ambayo sitaitaja. Kazi yenyewe ilikuwa sawa. Shida ilikuwa mlio. Oda mpya ikiingia, simu inalia na sekunde zinaanza kuhesabika kurudi nyuma. Usipogusa kioo, oda inaenda kwa mwingine. Simu haijui kama uko chini ya mti au uko kwenye mteremko wa Valley Road na matatu nyuma yako. Inalia tu. Wenzangu wa nduthi walikuwa na mlio huo huo, na klachi juu yake.

Kwa hivyo sote tulijifunza mkono mmoja. Kila mtu alikuwa na ujanja wake: simu kifuani kwa mpira, simu ndani ya helmeti karibu na sikio, kidole gumba kilichonyooshwa bila kuachia usukani. Mkutanoni tukilalamika tulijibiwa kwamba usalama ni jukumu la mwendeshaji. Hapo ndipo niliona tofauti na 1958. Kijana wa soba mkono wake ulikuwa umejaa, na mtu akabadilisha mashine. Sisi mikono yetu ilijaa, na tukapewa ushauri na rifleksa.

*

Kuna watu ambao kwao swali la mkono wa pili halina mzaha.

Sarah Storey wa Uingereza alizaliwa 1977 bila kiganja cha kushoto kinachofanya kazi. Alianza kama muogeleaji, akashinda dhahabu Barcelona 1992 akiwa na miaka 14. Mwaka 2005 akahamia baiskeli. Mwaka 2010 aliiwakilisha England katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Delhi, akishindana na wenye mikono miwili. Kufikia Paralimpiki ya Paris 2024 alikuwa na dhahabu 19. Yupo pia Juan José Méndez wa Uhispania, aliyepoteza mkono wa kushoto na mguu wa kushoto katika ajali ya pikipiki, na ambaye ameshindana Paralimpiki kwa baiskeli, akikanyaga pedali moja na kushika upande mmoja wa usukani.

Nawataja si ili tuseme wow na kuendelea. Nawataja kwa sababu hapa kwetu, nenda wodi yoyote kubwa ya mifupa uone boda boda inapeleka nani huko. Ni vijana wa rika letu. Baadhi wanatoka na mkono mmoja. Na kitu cha kwanza wanachoambiwa mtaani, kwa huruma nyingi, ni kwamba mambo ya baiskeli na nduthi sasa basi. Aliyebeba mkate wa watu kwa mkono mmoja miaka mitano, siku anayobaki na mkono mmoja kweli, anaambiwa mkono mmoja hautoshi.

Unatosha. Hata ule mkataba wa 1968 uliandika hivyo. Kinachokosekana ni breki mahali pake, na hilo limeshapata jibu zamani. Breki ya kurudisha pedali imekuwepo tangu miaka ya 1890 na haihitaji mkono wowote. Kuna pia mshikio mmoja wa breki unaovuta kebo mbili kwa pamoja, ya mbele na ya nyuma, ukibonyeza mara moja. Ni kipande kidogo cha chuma, kinaingia mfukoni. Usukani unaweza kusogezwa uwe juu na karibu ili mwili usiegemee mbele.

Kama unamjua mtu ambaye baiskeli yake imesimama dhidi ya ukuta tangu ajali, mpeleke kwa fundi wa mtaa na umweleze hivi: breki zote upande mmoja, usukani juu kidogo. Kisha mtafutieni barabara isiyo na magari, Jumapili asubuhi. Akae wima, asiegemee ule mkono, na aache baiskeli ipate mwendo kidogo kabla ya kujaribu kona. Ataanguka mara mbili, tatu. Wote huanguka.